Pamba Hunywa Maji

Chraa! Kabla sijamwona fundi barazani, nilisikia akichana kitambaa cha marikani, na harufu ya pamba mpya ikanirudisha kwetu Ruaruke, wakati wa vita vya Majimaji.

Mama alichana marikani namna hiyo hiyo, polepole, mikono yake ikiwa imechoka. Baba alikuwa akienda Ngarambe kunyunyiziwa dawa, ile iliyosemwa hugeuza risasi kuwa maji, kisha aende vitani. Kiunoni alikuwa amejifunga nguo ya ukindu, ngumu, yenye kukwaruza.

“Sivai pamba,” alisema. “Imenivunja mgongo shambani kwa Mdachi.”

“Ukindu humwaga maji, baba watoto. Pamba huyanywa. Ukienda na huo, dawa yote itaishia mchangani.”

Baba akacheka kidogo. “Kumbe adui yangu ndiye anilinde?”

“Jasho lako si limo humu? Chukua, ni yako.”

Baba akaufungua ukindu, akajifunga ile marikani. Niliishika ncha yake. Ilikuwa laini, na bado kavu. Nilipoiachia, akatoka.

Mama akaufunga mlango nyuma yake, kwa mikono miwili.