King'ora cha bure kilivyomkimbiza bwana harusi Namungo

Habari za humu wakuu. Kisa hiki kimenipata mwenyewe, anayedhani ni chai atafute na kitafunwa kabisa.

Ilikuwa miaka ya 2000 na kitu. Nilikuwa nakodisha muziki pale Nachingwea: spika nne, amplifaya na pickup ya kubebea.

Mdogo wangu Vero alikuwa anaolewa na Deo, mchimbaji wa dhahabu kule Namungo, Ruangwa. Ndoa ilipangwa kanisani kwao, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Ikishindikana siku hiyo, mnasubiri mpaka Pasaka ipite.

Sasa mimi nikaona msafara wa magari matatu bila king'ora ni aibu. Si mnajua wilayani, mtu akifika kimya kimya anaonekana hana cheo.

Nikaenda internet cafe, nikasearch free siren sounds. Vilikuwepo vya kila aina: polisi, zimamoto, ambulance, hadi ule mlio wa lori linaporudi nyuma. Net inatambaa, nikamaliza soda mbili. Nikachagua cha polisi kwa sababu ndicho chenye heshima, nikachoma CD.

Tulipokaribia Namungo nikaiweka CD kwenye muziki wangu nyuma ya pickup, nikafungulia volume yote.

Wakuu, kuna jambo sikulifikiria. Nusu ya waalikwa walikuwa wachimbaji wasio na leseni, bwana harusi akiwemo.

Tukafika tukakuta viti, sufuria za pilau na padri peke yake mlangoni. Wengine wote wameingia porini, hadi msimamizi wa bwana harusi.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Saa nane nina misa kigango kingine. Mtafuteni huyo mtu."

Nikashika maiki: "Deo, rudi, hatuna polisi hapa."

Hakutoka hata mmoja. Baadaye ndio nikaelewa kwamba hata polisi wangesema hivyo hivyo.

Vero alikuwa ndani ya gari analia, wanja umeshuka mpaka shavuni. Roho iliniuma sana. Akashuka, akaninyang'anya maiki.

"Deo, ni mimi. Hivi viatu vya kuazima vinanibana. Ukichelewa navivua, narudi Nachingwea pekupeku."

Deo akaibuka kutoka kwenye shimo, suti yote udongo mwekundu. Padri akawafungisha ndoa hivyo hivyo. Mpaka kwenye picha anaonekana kama tofali.

Jioni nikaenda kumwomba Vero msamaha. Akaniangalia, akasema taratibu, "Kaka, ulitaka watu wajue nani kafika? Mimi au wewe?"

 

Nilichojifunza: vya bure pakueni, ila kwanza jiulizeni watakaosikia wana kesi gani. Na kwenye harusi ya mtu, cheo chako kiache nyumbani.

Shemeji hana kinyongo. Ila nikipiga hodi kwao, lazima achungulie dirishani kwanza.

Wenye visa vyenu mwageni hapa. Wa kunitukana pia nafasi ipo, nimezoea.