Rangi za Adoyo

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunishinda kumeza. Wewe umekuja kuniaga, umepata kazi ya kufundisha muziki Ntimaru, kwa Wakuria, kwenye darasa la watoto wenye ulemavu, na mama yako ameniomba nikupe maneno matamu ya kukusindikiza. Matamu sina. Nina haya tu, na uyasikilize mpaka mwisho bila kushikashika hiyo simu.

Wakati huo nilikuwa kijana, sijafika arobaini, meno yote yako mahali pake. Nilifundisha Ogwedhi, pale soko la ng'ombe. Shule yetu ilikuwa na watoto wa Kijaluo, wa Kikuria na wa Kimaasai, na huko nyuma, karibu na vyoo, kulikuwa na darasa la watoto ambao hakuna mwalimu aliyewataka. Wengine hawakuweza kusema, wengine hawakuweza kutembea, wengine walikaa tu wakijitikisa. Nilipewa darasa hilo kwa sababu nilikuwa na mdomo kwenye mikutano ya walimu. Ilikuwa adhabu, usidhani ni heshima.

Mimi nilijua muziki, basi. Lakini mtoto asiyeijua hata a utamwandikiaje noti? Nikaenda kwa seremala wa sokoni akanichongea vibao vya kugonga kwa kijiti, kila kimoja na sauti yake, nikavipaka rangi. Do ikawa ya machungwa, mi ikawa buluu, so ikawa nyekundu, na zile nyingine vivyo hivyo, kila moja na rangi yake. Halafu nikachora nyimbo ukutani kwa miraba ya rangi hizo hizo, mraba mkubwa kwa sauti ndefu, mdogo kwa sauti fupi. Mtoto anaona mraba wa buluu, anagonga kibao cha buluu, anahamia unaofuata. Kulikuwa na mmoja asiyeona, huyo nikambandikia katani kwenye kibao kimoja, mchanga kwenye kingine, akawa anasoma kwa vidole. Nilijivuna, wee! Nilitembea uwanjani kichwa juu hata walimu wenzangu wakanichukia.

Ndipo nikampata Adoyo. Mama yake alitoka kisiwa cha Takawiri, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale Ogwedhi siku za soko, na binti huyo wa miaka kumi hivi alikuwa amefungwa leso kiunoni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza, asije akazurura akakanyagwa na ng'ombe. Hakuwa amewahi kutamka neno. Mkono mmoja ulikuwa umejikunja na mate yalimtoka. Wateja walichukua omena zao bila kumtazama. Nilimwambia mama yake, "Nipe huyu." Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Mwalimu, huyu hajui hata jina lake. Utafanya naye nini?"

"Wacha nijue mwenyewe."

Mwanangu, yule mtoto alishika rangi kuliko wote. Kwa mkono wake ule mmoja mzima aligonga nyimbo za ukutani mpaka zikaisha, kisha akanivuta sketi akitaka nyingine. Sikuwa na nyingine. Nikamwuliza mama yake anapenda kuimba nini, naye akacheka kwa aibu, akasema hana wimbo, ni kisauti tu anachovumisha akianika omena. Nikamwambia anivumishie. Nikakichora ukutani: machungwa, machungwa, buluu, machungwa, nyekundu. Siku mama alipokuja kumchukua, Adoyo alimwona mlangoni, akageukia vibao, akagonga hicho. Mama akaketi chini kwenye vumbi na karai lake.

"Yawa, jamani," alisema. "Ananiita."

Tangu siku hiyo alimwita hivyo. Alipokuwa na njaa aligonga, alipoumwa aligonga, mama alipochelewa sokoni aligonga mpaka tukaziba masikio. Ndiyo iliyokuwa sauti yake, na hakuwa na nyingine duniani. Hilo ulishike vizuri, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Sasa unajua kwetu mwaka wa kampeni rangi haibaki rangi. Ukivaa shati la kijani mtu anakuuliza uko upande gani. Na mimi, mjinga wa kusoma vitabu vya muziki, sikuwaza hilo hata kidogo. Siku ya wazazi, pale uwanjani, niliwafunga watoto wangu vitambaa mkononi, kila mmoja rangi ya noti yake. Adoyo agonge ule wimbo wake, nikawaambia, na sauti yako ikifika, inua mkono. Tulifanya mazoezi mpaka yule asiyeweza kutembea akajua saa ya kuinua. Mgeni rasmi alikuwa mgombea mmoja, na machungwa ilikuwa rangi ya wapinzani wake.

Adoyo akagonga. Machungwa ikapanda. Machungwa tena. Buluu kidogo, halafu machungwa. Nusu ya wazazi wakaruka juu wakipiga kelele za chama chao, wakidhani shule imejitangaza. Nusu nyingine wakapiga mbinja. Mgeni rasmi akainuka akaenda kwenye gari lake bila kuaga. Mawe hayakurushwa, lakini yaliokotwa, niliyaona mikononi mwa watu. Na katikati ya fujo lile Adoyo anaendelea kugonga, anacheka, anadhani makelele yote ni ya kumshangilia.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini jioni hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Sitaki uende ukisema alikuwa mbaya.

"Mwalimu, hizo rangi zako zitatuchomea shule. Mimi niko na familia."

Nikamwambia nitabadilisha do iwe zambarau, nitabadilisha zote akitaka, anipe muda tu niwazoeshe watoto polepole. Akasema sawa, tutaongea Jumatatu. Nikaenda nyumbani nikalala.

Jumatatu nikafungua mlango. Ukuta mweupe kutoka juu mpaka chini, chokaa bado inanuka. Vibao vilikuwa vimepigwa msasa mpaka vikabaki mbao tupu, vyote vinafanana. Mtu alikuwa ameandika ubaoni do re mi kwa chaki, kwa mwandiko mzuri, ili nifundishe kama shule nyingine.

Watoto wengine walishangaa tu. Adoyo alienda ukutani akaanza kuupapasa. Alipapasa pale ulipokuwa wimbo wa mama yake, akakwaruza chokaa kwa kucha, akatazama vidole vyake vimekuwa vyeupe. Akarudi kwenye vibao, akagonga kimoja, siyo chenyewe. Akagonga kingine, siyo chenyewe. Akanitazama mimi. Nilipiga kelele siku hiyo, nilienda ofisini nikatukana watu wazima mbele ya wanafunzi, nikaandikiwa onyo. Haikusaidia kitu. Rangi nilizonunua tena zilichukuliwa langoni. Adoyo akawa anajigonga kichwa ukutani, na baada ya muda mfupi mama yake akamwondoa. Sokoni nako palikuwa pamechafuka kwa siasa, mama akaona heri ampeleke Takawiri kwa nyanya yake, yeye mwenyewe abaki akitafuta riziki. Kampeni iliisha, wagombea wakapatana, wakapigwa picha wameshikana mikono. Darasa langu hakuna aliyelirudishia rangi.

Miaka ikaenda. Nikahamishiwa upande wa Homa Bay, na siku moja nikavuka kwenda Takawiri kwa mazishi ya jamaa. Nikauliza nyumbani kwa kina Adoyo, nikaonyeshwa. Nyanya yake, Dani kwa Kijaluo, mzee mkavu mwenye sauti ya kiume, alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti nje. Ilikuwa siku ya kufua. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kati ya nyumba na ua, na kisiwani kule nguo nyingi ni fulana za kampeni, maana hizo hugawiwa bure na hazichakai upesi. Nikaketi. Nikatazama ile kamba.

Fulana ya machungwa. Fulana ya machungwa. Shati la buluu la shule. Fulana ya machungwa. Leso nyekundu.

Nikasoma tena nikidhani ni macho yangu. Halafu nikaanza kuimba, mwanangu, pale pale kwenye kiti, kile kisauti cha kuanikia omena. Dani akaniuliza nina nini. Nikamwuliza nani ameanika hizi nguo.

"Si huyo mgonjwa wetu," akasema. "Huyo ametuchosha. Kila tukianika anakuja anazishusha, anazipanga kivyake, nyingine anaziangusha mchangani tunafua mara ya pili. Tumemchapa mpaka tumechoka. Haachi."

Nikamweleza. Nilimweleza nikilia, kuhusu vibao, kuhusu ukuta, kuhusu mama yake kuketi chini kwenye vumbi. Nikamwonyesha kwa kidole nguo moja baada ya nyingine. Hiyo yote, nikasema, ni kumwita mama yake. Amekuwa akimwita kila siku ya kufua.

Dani alikuwa bado ameshika beseni. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na hakuyasema kwa hasira, afadhali angekasirika.

"Mwalimu, ulikuwa unajua haya yote. Mtoto ulimfundisha kusema, sisi hukutufundisha kusikia. Kwa nini uliyaacha shuleni?"

Rangi zile zilikuwa zangu na za ukuta. Hata mama yake alijua huo wimbo mmoja kwa masikio tu, hakuna aliyemwambia machungwa ni nini. Mzazi hakuwahi kuingia darasani kwangu, na sikuwahi kumwita.

Adoyo akatokea nyuma ya jiko, msichana mkubwa sasa. Nikainuka kwa furaha, nikanyoosha mkono kuelekea kwenye kamba nimwonyeshe kwamba nimesoma. Alipoona mkono umeenda kwenye nguo akachuchumaa, akajifunika kichwa kwa mkono wake ule mmoja, akangoja kuchapwa.

Nilirudi Ogwedhi kumtafuta mama yake. Alifunga meza ya omena siku hiyo hiyo, akavuka kwenda kisiwani. Nilipeleka vibao vipya, vimepakwa vizuri, rangi zile zile. Adoyo hakuvigusa. Dani alimwachia kamba yote na nguo zote, akamwambia panga utakavyo, nyathina, mwanangu, panga. Hakupanga tena. Mama yake humvumishia ule wimbo mpaka leo wakianika omena, na yeye huangalia chini.

Basi ukifika Ntimaru, nakuomba, usikimbilie ukuta. Ukuta ni wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana woga wake. Nenda nyumbani kwa mtoto kwanza, Kikuria hujui lakini utaeleweka. Mketishe mama, mketishe nyanya, muite dada anayembeba mgongoni na yule jirani wa kuchungulia uani, uwafundishe kila rangi inasema nini kabla hujamfundisha mtoto. Wakicheka, wafundishe wakicheka. Uliza rangi gani ina ugomvi pale mwaka huo, uikwepe. Na ukimwona mtoto anafanya kitu kile kile kila siku na watu wanamwita mjinga, zuia kwanza mkono wa anayetaka kumpiga, kisha ukae utazame.

Sina la zaidi. Njoo niweke mkono kichwani. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe subira niliyoikosa mimi, na watoto utakaowafundisha kuita, kila mmoja awe na mtu nyumbani anayejua kuitika.