Mguu wa Kulia, Mguu wa Kushoto

Siku hizi mikono yangu haishiki kisu kidogo vizuri, na huenda kumbukumbu nayo haishiki. Mimi nilisoma madarasa manne tu, kule Ronge. Nikikosea mahali, anayejua zaidi anisahihishe, sitaudhika.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa seremala wa shamba la mkonge, si mbali na Voi. Meneja wetu alikuwa amerusha ndege za kivita katika vita vikubwa, na nadhani alitaka kuiona tena ndege yake, hata ikiwa ndogo. Akaagiza ng'ambo ramani yake, injini ya kutosha kiganjani, na taa za redio ya kuiongoza kutoka chini. Mbao akanipa mimi. Redio akampa mwenzangu, fundi wa umeme pale kiwandani, mtu wa Njukini, mrefu na mpole.

Ule mti mwepesi wa kuchonga, ulioletwa na meli pamoja na injini, uliisha kabla ya bawa moja kukamilika. Nikajaribu moyo wa mlingoti wa mkonge, ule unaochipuka katikati mmea ukikaribia kufa. Ukikauka unakuwa mwepesi, kisu kinapita kama kwenye mkate. Mbavu zote za mabawa nilizichonga humo, tukavalisha karatasi nyembamba, tukapaka vanishi, tukachora ile miviringo ya rangi ya ndege za kivita. Kazi hiyo tuliifanya jioni kwa jioni, kiangazi chote, tukiwa tumetoka kazini tumechoka. Mara nyingi nilisinzia gundi ikanikaukia vidoleni.

Kwangu ulikuwa mchezo wa tajiri. Kwa mwenzangu haukuwa mchezo. Meneja alimwambia mbele yangu: "Ikiruka na kurudi, mimi nitaandika barua. Nairobi wanataka mtu wa kufundisha redio." Nafasi ilikuwa moja, na mwingine aliyetajwa alikuwa karani wa mizani.

Redio yenyewe ilijua jambo moja tu. Mwenzangu alinieleza mara nyingi, kwa sababu yeye ndiye angekimbia kuirusha ndege kwa mkono, na mimi ningebaki na kisanduku chenye kitufe.

"Ukibonyeza, usukani wa mkiani unakwenda kulia. Ukiachia, unarudi katikati. Ukibonyeza tena, kushoto. Tena, kulia. Zamu kwa zamu. Mashine haikwambii zamu ni ya nani. Kumbuka wewe."

"Na nikisahau?"

"Basi mzee, utaiuliza ikiwa huko juu."

Nikabuni njia yangu. Zamu ikiwa ya kulia naegemea mguu wa kulia. Nikishabonyeza nahamia wa kushoto. Alinicheka, ati nacheza ngoma peke yangu, lakini tulipojaribu chini sikukosea hata mara moja.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, kwenye uwanja wa vumbi jekundu kando ya mashamba. Mwenzangu alikimbia, akaiachia, ikapanda. Niseme kweli, ilikuwa nzuri kuliko nilivyostahili. Nikaizungusha kulia, nikahamia. Kushoto kidogo, nikahamia. Kulia tena, nikahamia. Ikawa inarudi kwetu.

Hapo meneja, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Fundi, hilo bawa ni mkonge kweli?"

Nikaunganisha visigino, nikanyooka. "Ndiyo, bwana."

Tulizoea hivyo. Akisema nawe, unasimama wima. Simlaumu, alikuwa ananisifu. Lakini nilipotazama juu tena, miguu yangu ilikuwa pamoja, na sikujua zamu ni ya nani. Nilitaka kulia. Nikabonyeza, ikaenda kushoto. Nilipaswa kuachia na kubonyeza upya, ndivyo nilivyofundishwa. Mimi nikazidi kukandamiza. Ikajizungusha mpaka ndani ya mkonge.

Meneja alitikisa kichwa. "Redio imekufa," akasema, akaelekea kwenye gari lake. Nami nikabaki na kitufe mkononi.

Mwenzangu aliitoa mkongeni, bawa moja limevunjika. Akaniambia kwa mbali, "Bonyeza." Nikabonyeza, usukani ukacheza. "Tena." Ukacheza upande wa pili. Akaja akasimama karibu na kisanduku, akatazama alama za viatu vyangu vumbini, visigino vimegusana.

"Kamwambie," akasema.

"Mwambie wewe, redio ni yako."

"Nikisema mimi, ni fundi anatetea kazi yake."

Gari lilikuwa bado halijawashwa. Ningefika kwa hatua chache. Sijui niliogopa nini. Meneja hakuwa mtu wa kupiga. Labda nilipenda lile neno lake kuhusu bawa, nikataka libaki nami kwa siku moja. Gari likaondoka.

Nilikwenda ofisini Jumanne, nikamweleza yote, hata habari ya miguu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukusema palepale?"

Akaniambia barua ilikwenda na treni ya jana, na jina ni la karani wa mizani. Kwa haki niseme karani yule alikuwa mtu mwerevu, na sijasikia kwamba aliharibu kazi huko. Meneja aliahidi kuandika nyingine nafasi ikitokea. Sikuwahi kusikia kwamba ilitokea.

Jioni nilimkuta mwenzangu kwenye karakana, anafungua pasi ya mtu. Nikamwambia.

"Ulisimamaje ulipokuwa unamweleza?"

"Visigino pamoja."

Akacheka, si sana. Kisha akaendelea na skrubu zake. Nikakaa pale bila kujua kama niondoke. Baada ya muda akaisukuma ndege upande wangu wa meza, bila kunitazama.

"Mbavu tatu zimekwenda," akasema. "Zinataka mkonge mwingine."

Nilikuwa nimechoka sana. Nikachukua kisu.