Njiti Nilizopimia Pete ya Kabula

Mimi hununua dhahabu Masumbwe, kwa hiyo dada yangu aliponiita nyumbani kwake Kambarage kupima pete ya uchumba ya binti yake Kabula, nilijiona hakimu. Wakwe walisema ina gramu mbili. Kwetu gramu moja ni pointi kumi, na walionifundisha kazi walipima kila pointi kwa njiti moja ya kiberiti. Mzani wa betri niliuacha nyumbani kwa maringo tu. Nilibeba ule wa sahani mbili, na kiberiti kipya mfukoni mwa shati. Kutoka stendi nilipanda bodaboda, mvua ikaninyeshea hadi mlangoni.

Mbele ya wakwe niliweka pete sahani moja na njiti sahani ya pili. Zikalingana kwenye njiti ya kumi na saba.

"Imepungua pointi tatu," nikasema.

Baba wa kijana akainamisha kichwa. "Mkwe, sonara aliipima mbele ya macho yangu."

"Sonara ana tamaa. Njiti haina."

Dada akaona bora awashe jiko tunywe chai. Akaja na ganda la kiberiti chake kilichoishiwa njiti, akachukua moja kutoka kwenye mzani wangu, akaikwangua. Kichwa cha njiti kikapondeka kama uji. Ya pili vilevile. Ya tatu akaiminya kwa vidole, kisha akautazama mfuko wa shati langu, uliokuwa bado unadondosha maji.

"Kaka," akasema taratibu, "hizo pointi tatu ni mvua."