Mzee Mwaipungu Alipogeukia Ukuta

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki. Ilikuwa Mbeya, Mwingereza bado yupo, na mimi ni msichana niliyetoka kwetu Kilolo kuja kukaa kwa baba yangu mdogo, Lukasi Kalinga. Alikuwa mkalimani wa serikali, amehamishwa juzijuzi tu kutoka Iringa. Siku zile kule Nyasa, nchi ya jirani, kumechafuka. Watu wamekataa kutawaliwa, askari wanawasaka, na wengine wanavuka mto Songwe kuja kwetu na nguo walizovaa tu.

Basi wakubwa wawili wa serikali, Waingereza, wakaketi kujadili, na mpeleka chai ni mimi. Bwana Hatoni alitaka kila aliyevuka arudishwe. Ukimpokea mmoja, alisema, ghasia za kwao zinakuja naye. Bwana Pasiko akasema hapana, nchi ile kesho itakuwa ya wenyewe, nao watakumbuka nani aliwafukuza. Wakabishana mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Hawakukasirikiana. Ungedhani wanasema habari za mvua. Mwisho wakapatana: mwenye ndugu huku wa kumtambua abaki, asiye naye arudi.

Nje waliovuka walikuwa wanne. Wanaume watatu, na mwanamke mmoja, Tusajigwe, ana mtoto mgongoni. Alisema ni mke wa Anyosisye, aliyekwenda Nyasa kwenye kazi ya mashamba ya chai na sasa amekamatwa huko. Baba yake Anyosisye, Mzee Mwaipungu, akaitwa kutoka Tukuyu.

Mzee kuingia tu, Tusajigwe, aliyekwisha kuitwa ndani, akajifunika nguo kichwani, akachuchumaa nyuma ya mlango. Mzee naye akageukia ukuta.

"Muulize kama anamjua," akasema Bwana Hatoni.

Baba mdogo akauliza. Mzee kimya, anatazama ukuta. Moyoni nikasema, mzee gani huyu hana huruma. Sisi Wahehe wawili tulielewa vilevile. Baba mdogo akawaambia wakubwa kwa Kiingereza kwamba mzee amemkataa. Askari akamshika Tusajigwe mkono, mtoto akaanza kulia.

Ndipo mzee akasema, bado yuko na ukuta wake:

"Kalinga, umewaambia nini hao?"

"Kwamba umemkataa, baba."

"Nani kakuambia?"

"Mgongo wako."

"Mgongo wangu umesema Kinyakyusa, wewe ukasikia Kihehe. Kwetu mtu hamtazami mke wa mwanawe, wala jina lake halitaji. Ningekuwa simjui, ningemtazama usoni kama ninavyomtazama yeyote. Waambie hivyo. Na useme umekosea wewe, usije ukasema mimi nimebadili maneno."

Baba mdogo akasema yote, mpaka lile la kukosea. Bwana Pasiko akacheka kidogo. Askari akamwachia Tusajigwe, naye akarudi kwa wakwe zake, mzee mbele, yeye nyuma kabisa, kama inavyotakiwa.

Wale wanaume watatu walirudishwa. Laitoni, Kenani na Samsoni. Hakuna aliyekuja kuwapa mgongo. Sikusikia tena habari zao.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na nchi ya watu ndiyo nyumba hiyo. Mwanangu, wewe umesoma, mimi niliishia darasa la pili. Huenda kesho ukakalishwa mezani kuamua habari za watu ambao kwao kumechafuka. Kubishana si vibaya. Hata wale walibishana vizuri. Ila neno lenu lisifike kwenye mkono wa askari kabla mwenyewe hajaulizwa, na akaulizwa tena, alichofanya kina maana gani kwao. Na kama mkalimani ni wewe, sema "sijaelewa" mapema, mtu hajashikwa bado. Heshima yako haitapungua.

Mungu akupe masikio kabla ya cheo, mwanangu. Na siku utakapokuwa mgeni kwenye mlango wa watu, akuwekee ndani mmoja anayekujua.