Chungulia, Chomoa, Chomeka

Mume wangu Zubair hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa nusu, akainuka, akasahau alikokiweka, kisha akarudi kuniuliza mimi nani amemnywea chai yake. Mama yake, Bi Umi, alikuwa akisema kwamba hata tumboni mtoto huyu alikuwa akitafuta mlango. Nilipoolewa naye nilidhani atatulia. Mazoea yana tabu: nikazoea mimi, yeye hakutulia.

Mwaka wa tisini na tisa tulikuwa na chumba cha kupigia chapa hapa Voi, nyuma ya soko. Watu wakitoka Mraru na Wusi kuja kutaka kadi za harambee, programu za mazishi, barua za kuomba kazi. Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, nayo Zubair alikuwa ameitia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, alioupata kwenye sidii iliyobandikwa katika jarida. Kisha ndani yake akatengeneza kompyuta nyingine ya kubuni, ya Dos, mfumo wa zamani, kwa sababu programu yangu ya kuchapia haikuelewa kitu kingine. Usistaajabu, ndivyo ilivyokuwa, mashine ndani ya mashine. Ile ya ndani haikuwa na diski ya chuma. Diski yake ilikuwa faili moja kubwa tu, na humo ndimo zilimolala kazi zangu zote.

Shida ni kwamba kuiamsha hiyo mashine ya ndani kulichukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Mteja akitaka arekebishiwe jina moja kwenye kadi, Zubair aling'ata kucha, akatoka nje, akarudi, akaipiga meza kana kwamba meza ndiyo yenye kosa.

"Sumayya, kwa nini niamshe nyumba nzima ili nichukue kijiko?"

Basi akaanza kuandika viprogramu vyake vya kuingilia ile diski bila kuiamsha mashine. Havikuwa na picha wala vitufe. Unaandika neno kwenye skrini nyeusi, unabonyeza, kwisha. Cha kwanza alikiita chungulia, nacho kilionyesha yaliyomo ndani ya diski. Cha pili kiliitwa chomoa, cha kutolea faili nje. Cha tatu chomeka, cha kuingizia. Nilimcheka nikamwambia hayo ni majina ya kazi za wezi. Lakini wateja waliacha kununa pale mlangoni, nami nikaacha kumcheka.

Mwaka huo huo wifi yangu Faiza alichumbiwa na kijana wa Malindi. Bi Umi akaanza kumtungia utenzi wa kumuaga, kama mama yake alivyomtungia yeye. Kwao utenzi wa mama husomwa siku ya hina, mbele ya wanawake, na bibi harusi hapaswi kusikia hata ubeti mmoja kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana Bi Umi hakutaka karatasi.

"Karatasi haina kufuli," alisema, "na Faiza ana macho ya paka. Utie humo humo kwenye mtambo wenu."

Kila baada ya swala ya alasiri alikuja chumbani, akaketi kwenye kigoda, akatamka huku akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti. Mimi nikichapa. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

*Mwanangu Faiza keti,*
*Nikusemeze kwa dhati,*
*Ndoa si kanga na koti,*
*Ni kutoa na kupewa.*

Aliumaliza utenzi wote. Wiki iliyofuata, akiwa jikoni anakuna nazi, kiharusi kikampiga. Mungu alimwachia roho, macho na mkono wa kushoto. Maneno hakumwachia. Alikuwa akifungua mdomo na sauti ikatoka, lakini haikuwa neno, naye alijua kuwa si neno, akageukia ukuta. Faiza akataka harusi iahirishwe. Bi Umi akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka mtandio ukamdondoka. Harusi haiahirishwi, na utenzi utasomwa. Akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto: mimi ndiye nitakayeusoma.

Siku chache kabla ya hina niliamsha mashine ya ndani, nikaufungua utenzi nisahihishe herufi. Zubair alikuwa akizunguka nyuma yangu, anahema. Alikuwa ametengeneza bismillahi yenye pambo zuri na alitaka iwe juu ya ubeti wa kwanza.

"Nimalize kwanza, nifunge," nikamwambia.

"Haina haja ya kufunga. Naingiza kwa nje, hutajua hata."

Akainama begani kwangu, akageuza skrini kwenda upande wa nje, akaandika chomeka, akanirudishia. Kabla hakijamaliza kazi yake, mimi kwa ndani nikahifadhi. Mikono miwili ikaingia katika chungu kimoja, wala mmoja haukujua mwenzake anachota wapi. Skrini yangu ikaganda. Tulipojaribu kuiwasha tena mashine ya ndani, haikuamka. Zubair akaandika chungulia, kikamwonyesha majina yaliyovurugika kama mchele uliomwagika mchangani. Utenzi haukuwamo.

Sitaficha, nilimfokea. Marehemu mzee Abdulghani, baba yake, alifanya kazi stesheni ya Voi, na kazi yake ilikuwa kumkabidhi dereva tokeni, kile kipande cha chuma cha ruhusa ya kupita. Njia ya reli ni moja. Bila tokeni mkononi treni haiingii, hata njia iwe nyeupe mpaka upeo wa macho.

"Baba yako alizeeka akizuia jambo hili hili!" nikamwambia. "Wewe hukuweza kungoja nimeze mate! Mama hawezi kuusema tena, Zubair. Hawezi!"

Akatoka, nikamwona dirishani akienda mpaka kwenye bomba la maji, akirudi, akienda tena. Mimi nikajaribu kuzikumbuka beti. Vidole vilikumbuka namna ya kuchapa, kichwa kilikuwa kitupu. Nililia kwa hasira na kwa hofu. Ningemtazama vipi yule mama siku ya hina?

Zubair aliporudi alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Hakugusa ile diski. Kwanza aliinakili yote, faili nzima, na kompyuta ile ilinakili kwa mwendo wa kobe. Akaketi akiitazama. Mguu ulikuwa ukimcheza chini ya meza, lakini aliketi.

"Iliyoumia isiguswe," alisema. "Tutapekua nakala."

Kisha akaandika kiprogramu kipya, akakiita chota. Hiki hakikuuliza majina ya faili. Kilipita diski nzima, kipande kwa kipande, na kila kilipokuta maandishi kikayachota na kuyamwaga kwenye skrini. Tulikaa nacho toka asubuhi. Yakaja majina ya marehemu, yakaja mialiko ya harambee, likaja ombi la kazi la mtu ambaye sasa ana duka lake. Halafu, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na programu ya mazishi: *Ndoa si kanga na koti.*

Nilipiga kigelegele peke yangu. Beti zikaja zimevurugika, nami nikizipanga, maana kila nilipouona ubeti mmoja, vidole vilinikumbusha unaofuata. Zubair akinakili, akicheka, akiniomba chai na kuisahau. Mara akaweka kidole kwenye skrini.

"Huu ni wa wapi?"

Nikainama nisome. Niliujua.

*Na kakayo Zubeiri,*
*Moyo wake ni safari,*
*Hakai palipo heri,*
*Mtunze nikifukiwa.*

"Huu niliufuta," nikasema. "Mama aliutamka, halafu siku ya pili akaniambia niutoe. Alisema hawezi kukusema mbele za watu."

Ndipo nilipojifunza kwamba kufuta kwenye diski si kufuta. Ni kulitoa jina mlangoni, na mwenyewe akabaki chumbani. Lakini Zubair hakunieleza hayo siku ile. Aliinuka akatoka, nami nikasema moyoni, haya, amekwenda zake kwenye bomba. Sikumwona pale bombani.

Nilimkuta nyumbani, chumbani kwa mama yake. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, na mkono wa kushoto wa Bi Umi ulikuwa juu ya bega lake, ukimbonyeza chini kidogo, kama anavyobonyezwa mtoto asiyetulia kwenye chuo cha Kurani.

"Mama," nilimsikia akisema, "nimekaa."

Jioni alirudi kazini, akaitengenezea mashine yangu diski mpya ikaamka, kisha akataka kuurudisha utenzi humo, pamoja na ule ubeti. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema Mama ameulizwa na amekubali kwa kichwa. Alikuwa pia amekitia chomeka kitu kipya, alichokiita tokeni: mashine ya ndani ikiwa macho, chomeka kinakataa kuingia, hata ukibembeleze vipi. Nami nilikuwa nimeiacha wazi. Kikamkataa, yeye mwenyewe aliyekiandika. Akaniomba niifunge, akangoja mpaka ikazimika kabisa, mikono juu ya magoti.

Siku ya hina nyumba ilijaa wanawake mpaka uani. Bi Umi aliegemezwa mito. Faiza alikuwa katikati, mikono na miguu imejaa hina mbichi, hawezi kushika kitu. Nilisoma bila kusita mpaka nilipofika kwa *Na kakayo Zubeiri.* Wanawake wakanong'ona. Nikamaliza, *Mtunze nikifukiwa,* nikainua macho.

Machozi yalikuwa yakimtiririka Faiza, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje, kwenye kivuli cha ukuta alikoketi kaka yake:

"Nimesikia, Mama. Nitamtunza."