Chukua, Afande

Mimi hasira zangu ziko karibu, na gofu haikunisaidia hata kidogo. Nilijifunza mchezo huo baada ya jeshi kutwaa nchi na wanachama Wazungu na Wahindi kuondoka, klabu ya zamani pale bondeni chini ya Nakasero ikabaki na viti vitupu. Zamani mwanamke Mwafrika aliingia pale kwa mlango wa jikoni. Sasa walihitaji watu, basi hata mimi, mpiga taipu wa wizarani, binti wa polisi aliyekulia kambini Naguru, nikapokelewa kwa tabasamu.

Nilipapenda mno. Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado majanini na kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara, wakitembea mbele yetu kama wenye nyumba, nilisahau foleni ya sukari, nikasahau na amri mpya za kila siku redioni. Nilicheza na sketi ya kufika vifundoni, maana serikali ilikuwa imepiga marufuku sketi fupi na suruali kwa wanawake. Upepo ukivuma, nilibana kitambaa kwa magoti ndipo nipige. Mipira mipya haikupatikana, kwa hiyo ya zamani tuliipaka rangi ya madirisha, na mmoja ukipotea kichakani wote tuliacha mchezo tukautafute. Nilikuwa na furaha, sioni haya kusema, katika miaka ambayo wengi hawakuwa nayo.

Gofu ina ungwana wake. Mpira wa mwenzako ukilala karibu kabisa na shimo, pasipo na namna ya kukosa, unamwambia, "Chukua," naye anauokota, unahesabiwa umeingia. Ni heshima ndogo, ya upana wa kiganja. Maofisa wa jeshi walipoanza kucheza, kiganja kikawa hatua, na hatua zikaongezeka. Kulikuwa na meja mmoja, mtu wa kaskazini, mrefu, mpole wa sauti, ambaye kwa mwaka mzima hakuna aliyemwona akiusukuma mpira ukaingia shimoni. Akikanyaga tu yale majani mafupi yanayozunguka shimo, watu wazima na digrii zao wanaimba, "Chukua, afande!" Naye anaokota. Vikombe vitatu alivipata kwa kilemba hicho cha ukoka, nami kila mara nilirudi nyumbani nimenuna.

Basi nikafika fainali ya kombe la mwaka, na mpinzani wangu ni yeye. Nililitaka kombe lile, msinione vibaya. Ukumbini palikuwa na ubao wa majina ya washindi, kwa rangi ya dhahabu, tangu enzi za mkoloni, wala hapakuwa na jina la mwanamke hata mmoja. Nilitaka baba yangu aje asome langu.

Tulikwenda bega kwa bega hadi shimo la mwisho. Mimi niliingiza wangu kwanza. Mpira wake ukalala hatua mbili hivi kutoka shimoni: ukiingia, kombe lake, akikosa, tunalingana na kuongeza shimo jingine. Akasimama, akaniangalia, akingoja.

Mwenyekiti wa klabu, daktari mzee aliyekuwa mwamuzi wetu, akakohoa. Akakohoa tena. Nilijua wanachotaka niseme. Nilijua pia kuna watu waliotiwa kwenye buti la gari wasionekane tena, kwa makosa madogo kuliko hilo, na baba bado alivaa magwanda ya serikali. Lakini hasira ikapanda. Mwaka mzima jua linaniunguza mgongo, halafu nimpe mtu kombe kwa neno moja? Nikanyamaza.

"Dada, husemi kitu?" akauliza.

"Sisemi, afande. Uingize."

Meja akautazama ule mpira kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajawahi kumbeba. Akainama, akainuka, akainama tena. Nikamwomba Mungu akose, tena kwa moyo wote. Akapiga. Mpira ukaenda polepole, ukazunguka mdomo wa shimo, ukatumbukia.

Watu wakapiga makofi, lakini hakuwasikiliza. Alinijia mimi, akauliza chinichini, "Umeingia kweli?"

"Umeingia, afande. Umenishinda."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akavua kofia, akajifuta uso nayo.

"Vile vikombe vya nyumbani sijui ni vya nani," akasema. "Hiki ni changu."

Nililia katika chumba cha kubadilishia nguo, nikalia kwa ghadhabu hasa, kisha nikapanda Naguru kumpa baba habari kwamba ubaoni hatanisoma. Baba alimfahamu yule meja, kama walivyomfahamu wote pale kambini. Baba alishinda kutwa nzima akiwaitikia wakubwa "ndiyo, afande," na jioni ile aliniuliza jambo moja tu, kama nilimwachia ashinde. Nikamwambia sikumwachia. Akainuka kitini, na fulana yake na ndala zake, akakaza mgongo, akanipigia saluti.